Senta loki ya gari la zamani ikisumbua, anza na sikio kabla ya kuanza na pochi

Nina IST ya 2003, na kwa muda kama wiki tatu hivi kila nikibonyeza remoti milango mitatu inaitika tk, wa abiria mbele kimya, basi mimi naingia kwanza afu najinyoosha juu ya siti kumfungulia mama watoto kama konda, yeye kasimama juani na mfuko wa sokoni ananiangalia tu. Nikampelekea fundi umeme mmoja, akaingia kichwa chini ya dashibodi dakika kumi, akatoka na hukumu: kontroli boksi (kile kisanduku kinachoamuru loki zote) imekufa, tufunge alamu mpya na senta loki yake. Nikalipa. Loki zikafanya kazi siku nne, mlango wa abiria ukarudi kule kule kwenye ukimya wake, sasa na waya za ziada zinaning'inia juu ya pedeli. Ugonjwa wenyewe nilikuja kuupata mwenyewe Jumapili moja, ulikuwa kwenye mota moja ndogo tu ndani ya mlango ule ule uliokuwa unalalamika tangu mwanzo.

Kwa hiyo hii naandika kwa mtu mwenye Vitz, IST, Premio, Spacio na hizi nyingine za miaka hiyo, ingawa kwa gari nyingi za zamani mambo ni yale yale.

Kwanza uelewe inavyofanya kazi maana ukielewa hapa nusu ya kazi imeisha. Ndani ya kila mlango kuna kitasa, na kwenye kitasa kuna kimota kidogo cha volti 12. Kimota hicho kina waya mbili tu. Ukibonyeza kufunga, kontroli boksi inapeleka umeme waya wa kwanza na ethi (upande wa hasi) waya wa pili kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde, mota inazunguka, kitasa kinajifunga. Ukibonyeza kufungua inageuza, ule uliokuwa na umeme unakuwa ethi na ule mwingine unapata umeme, mota inazunguka kinyume. Basi, hakuna uchawi mwingine. Sasa angalia hii maana mafundi wengi wanairuka: kama waya mmoja kati ya hizo mbili umekatika, mlango huo haufungi NA haufungui, vyote viwili vinakufa kwa pamoja kwa sababu ni waya zile zile. Kwa hiyo mlango mmoja ukiwa unafunga vizuri lakini kufungua unagoma, usianze kutafuta waya uliokatika, hapo ni mota imechoka au kitasa kimekuwa kigumu. Na kama milango YOTE inafunga ila yote haifungui, usiguse mlango hata mmoja isipokuwa wa dereva wenye swichi, tatizo lipo kwenye swichi au kwenye kontroli boksi yenyewe. (Kuna gari ambazo mlango wa dereva una njia yake peke yake ya kufungua, zile ambazo ukibonyeza remoti mara moja unafunguka wa dereva tu na ukirudia ndo inafunguka mingine, huo uhesabu peke yake.)

Haya, sikio. Paki gari sehemu tulivu, usiku ni pazuri zaidi, zima redio, zima feni, vioo vyote juu. Kaa ndani mwenzako awe anabonyeza swichi ya mlango wa dereva, funga fungua funga fungua taratibu, wewe hama siti kwa siti uweke sikio kwenye kava la kila mlango. Kimya kabisa milango yote na chini ya dashibodi nako kimya: fyuzi, swichi, au ethi. Chini ya dashibodi unasikia rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) inagonga tk lakini milango yote kimya: amri inafika ila umeme wa nguvu hautoki. Mlango mmoja tu kimya na mingine inaitika: shida ipo kwenye mlango huo au kwenye waya zinazoingia humo, achana kabisa na dashibodi. Mlango unasema mzzz na hakuna kinachosogea: mota inazunguka lakini gia ya plastiki ndani imekatika meno au imeteleza. Na ule unaosema tk ya uvivu, loki inasogea nusu afu inarudi, huo ndo mzee anayeomba kustaafu, kaboni za mota (vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme ndani yake) zimeisha au grisi ya kitasa imeganda.

Jaribu tena na injini ikiwa inaunguruma. Gari likiwa limewaka umeme unapanda karibu na volti 14, na mota iliyochoka inapata nguvu kidogo. Mlango ukifanya kazi gari likiwaka na ukagoma likizimwa, pima betri kwanza, na kama betri ni nzima basi mota hiyo iko njiani kuondoka.

Kuna vitu vidogo ambavyo ni aibu kumlipa mtu. Remoti: nyingi za Toyota za miaka hiyo zinatumia kibetri cha CR2016, nyingine CR2032, fungua uone namba iliyoandikwa, kama swichi ya mlangoni inafanya kazi na remoti haifanyi basi usifungue mlango wowote, badilisha kibetri. Fyuzi: kava la fyuzi boksi lina ramani, tafuta palipoandikwa D/L au DOOR, usiitazame kwa macho tu, ing'oe na uipime, nyingine zinakatika ufa mwembamba ambao huuoni. Ikiwa imeungua weka nyingine ya namba ile ile, SIYO kubwa zaidi, na ikiungua tena papo hapo basi kuna waya umechunika unagusa bodi au kuna mota imeshoti. Hapo unachomoa plagi ya kitasa mlango mmoja mmoja, ule ambao ukiuchomoa fyuzi inaacha kuungua ndo mwenye makosa.

Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani lakini kwa nje unafunguka? Hiyo siyo senta loki ndugu yangu, hiyo ni loki ya watoto. Kuna kiswichi kidogo kwenye ubavu wa mlango karibu na kitasa, kirudishe. Nimeshaona mtu kashusha kava zima la mlango kwa ajili ya kile kidude.

Na kuna ile ya gari "kujifunga lenyewe" ambayo watu wanaiombea dua. Toyota nyingi, ukifungua kwa remoti na usifungue mlango wowote, baada ya sekunde kama 30 inajifunga tena, imetengenezwa hivyo. Ila kama inakataa kufunga kwa remoti, au unafunga inajifungua tena ufunguo ukiwa kwenye swichi, basi gari linadhani kuna mlango upo wazi. Weka taa ya ndani kwenye alama ya mlango, funga milango yote, taa ikibaki inawaka kuna swichi ya mlango imeganda, vile vitufe vyenye mpira kwenye nguzo. Fungua mlango mmoja mmoja ubonyeze kitufe chake kwa kidole, ule ambao taa inazima, umeshampata. Huku Pwani hivi vinaliwa na kutu ya chumvi, mara nyingi kusafisha na kupiga dawa ya kusafishia umeme kunatosha.

Sasa tuje kwenye waya, maana baada ya mota hili ndo gonjwa la pili kwa ukubwa. Fungua mlango, angalia kwenye bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo kama bomba la vakyumu unaotoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Waya zote za mlango zinapita humo na zinakunjwa kila siku kwa miaka ishirini na kitu. Uchomoe mpira upande mmoja, usukume nyuma uone waya. Zile zilizokatika wazi wazi ni rahisi, wenye hila ni ule ambao mpira wake wa nje ni mzima na shaba ya ndani imekatika. Mbinu ni hii, shika kila waya kwa vidole viwili uvute polepole: waya mzima haunyooki, waya uliokatika ndani unavutika kama mpira wa manati. Ukivutika hivyo usibishane nao, kata.

Kuunga kwake usizungushe tu ukapiga tepu ukafunga, hapo mahali panakunjwa kila mlango ukifunguliwa na baada ya mwezi utarudi hapo hapo. Ongeza kipande cha waya laini wenye nyuzi nyingi, unene ule ule, choma risasi (solda), vika kile kimpira kinachosinyaa kwa moto, na kiungo chenyewe kikae ndani ya mlango au ndani ya bodi, kisikae kwenye mkunjo. Kama ni waya nne basi viungo vipishane visikae sehemu moja, la sivyo mpira hautapita tena. Mlango wa dereva ukague hata kama haulalamiki kwa sababu swichi kuu ipo pale, waya wake ukikatika gari zima linakuwa na tabia za ajabu, leo inafunga kesho haifungi, ukifungua mlango mpaka mwisho inakubali ukiurudisha nusu inakataa. Kama unaona tabia inabadilika kutokana na mlango ulivyokaa, acha kubahatisha, ni waya wa bawabani.

Ukijiridhisha waya ni nzima ndo unashusha kava. Pandisha kioo juu kabisa kabla hujaanza. Nyuma ya hendo ya ndani kuna kifuniko kidogo cha plastiki na skrubu, kwenye sehemu ya kuvutia mlango kuna skrubu nyingine, paneli ya swichi za vioo unaibandua kwa kisu cha plastiki au bisibisi uliyoifunga kitambaa. Baada ya hapo ni klipu za plastiki kuzunguka kava, anza kona ya chini, ingiza mkono karibu na klipu uvute kwa kishindo kimoja, ukivuta mbali na klipu unavunja kava siyo klipu. Zikiisha, nyanyua kava kwenda juu, usilivute tu kuja kwako, afu chomoa plagi na kebo za hendo. Nunua klipu kama sita za akiba kabla ya kuanza, huwezi kukosa za kuvunja.

Nyuma ya kava kuna nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama lami. Usiichane. Mimi ya kwanza niliichana nikaona ni takataka za kiwandani, mvua za masika zilipokuja kapeti la abiria likalowa na gari likanuka uvundo mwezi mzima, kumbe ile nailoni ndo inayorudisha maji ya kwenye kioo yashuke chini yatoke kwenye matundu ya mlango. Ikate gundi taratibu kwa kisu, ikunje pembeni.

Hapa sasa kuna kipimo ambacho kingeniokolea hela yote ile. Chukua balbu ya wati 5, ile ya taa ya namba, ifunge waya mbili. Chomoa plagi ya kitasa. Kwenye plagi kutakuwa na waya kadhaa, mbili nene kidogo ndo za mota, zile nyembamba ni za kuiambia kontroli boksi kitasa kimekaaje. Gusisha balbu kwenye zile mbili nene mwenzako abonyeze swichi. Ikimulika kidogo wakati wa kufunga na ikamulika tena wakati wa kufungua, umeme unafika, waya ni nzima, kontroli boksi ni nzima, na mota ndo marehemu. Isipomulika kabisa rudi kwenye waya. Kwanini balbu na siyo mita? Kwa sababu umeme wenyewe unakuja na kuondoka haraka sana, mita nyingi za bei rahisi hazikimbizani nao, zinakuonyesha namba za kuhangaika tu, jicho lako kwenye balbu halikosei. Kwangu balbu ilimulika pande zote mbili nikakaa chini kwenye zege nikacheka kwa uchungu.

Kuhakikisha, unaweza kuipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, plagi ikiwa IMECHOMOLEWA, waya zako ziwe na fyuzi ya 10A njiani, na uguse tu kwa kudonoa, tk, siyo kushikilia. Geuza waya itakwenda upande mwingine. Usipeleke umeme kwenye zile pini nyembamba wala upande wa gari wa plagi, utaunguza kontroli boksi iliyokuwa nzima na hapo fundi wangu atakuwa amesema kweli.

Kabla hujamhukumu mota jaribu kitasa kwa mkono. Sukuma loki kwa kidole, isogee laini kama kubonyeza kalamu. Kama ni nzito, safisha kwanza, piga dawa ya kulainisha mpaka uchafu mweusi utoke wote, futa, acha ikauke, afu weka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo. Gari zilizokaa sana Dodoma na Singida vumbi linachanganyikana na grisi ya zamani linakuwa kama udongo wa kufinyanga, mota nzima kabisa inashindwa kusukuma. Na usiishie kwenye dawa ya kulainisha peke yake, inakauka na wiki mbili baadaye uko pale pale.

Kitasa chenyewe kimeshikwa na skrubu tatu kwenye ubavu wa mlango, nyingi ni toksi T30, ile ya nyota yenye pembe 6. Tafuta bisi yake halisi, ukilazimisha bisi nyota ya kawaida utakula kichwa cha skrubu na hapo ni kuchimba. Ikiwa ngumu igonge kwanza na nyundo ndogo kwa kichwani ndo uifungue. Toa vijiti na kebo, kila kijiti kina kiklipu cha plastiki kinachogeuka, piga picha na simu kila hatua, kila hatua kabisa, utazihitaji.

Hapo una njia mbili. Kununua kitasa kizima used, Ilala na Gerezani jijini Dar vimejaa, nenda na cha kwako mkononi ulinganishe plagi na idadi ya pini, na upande, cha kushoto hakikai kulia. Usiondoke dukani hujakipima kwa betri, cha used nacho kimefanya kazi miaka ile ile ya cha kwako. Njia ya pili ni kubadili kimota tu, ni rahisi zaidi kwa hela ila inataka utulivu. Fungua kasha la kitasa juu ya beseni au kitambaa cheupe maana kuna springi inapenda kuruka. Mota nyingi za Toyota zina maandishi FC-280 ubavuni, lakini usinunue kwa jina tu, pima urefu wa shafti, zinatofautiana. Kile kigia cha mota ya zamani unakivuta polepole unakihamishia kwenye mpya. Angalia pia alama ya upande wa chanya, mota ikikaa kinyume unabonyeza kufunga mlango unafunguka na mingine inafungwa, yalinikuta, nikafungua upya kila kitu.

Kuna wanaofungua mota yenyewe wakasafisha kaboni, inawezekana, inakupa miezi. Humo ndani utaona na kisahani kidogo, hicho kinapunguza umeme mota ikipata joto isiungue. Wengine wanakiruka kwa kipande cha waya ili mota ipate nguvu, na kweli inapata, ila siku swichi ikinasa ikawa inapeleka umeme bila kuacha mota itaungua ndani ya mlango. Mimi sifanyi hivyo.

Na hapa nisikilize vizuri: ukishafunga kitasa mlangoni USIBAMIZE mlango kuona kama inafanya kazi. Mlango ukiwa wazi, chukua bisibisi, isukume kwenye mdomo wa kitasa mpaka kijifunge tk tk mara mbili kana kwamba mlango umefungwa. Sasa funga kwa swichi, fungua kwa swichi, vuta hendo ya nje kiachie, sukuma tena, vuta ya ndani kiachie, jaribu na ufunguo. Vyote vikikubali ndo unafunga mlango. Kama umesahau kebo moja na umefunga mlango na kava lipo nje kidogo bado una bahati, kama umesharudisha kava, utashinda siku nzima umejikunja kwenye siti unapapasa kwa vidole.

Kwa wale ambao tayari wamefungiwa senta loki ya Kichina kama mimi: mota yenye waya 5 ndo kiongozi, inakaa mlango wa dereva, na zile za waya 2 ni wafuasi. Ya dereva ikifa swichi yake ndogo ndani, ukifunga mlango wa dereva kwa mkono mingine haifuati lakini kwa remoti yote inafuata, kwa hiyo ukiona hivyo badilisha hiyo moja tu. Na kamata vile viungo vya waya vilivyosokotwa chini ya dashibodi, cha kwanza kukagua ni waya mweusi wa ethi, wengi wanaubana kwenye skrubu ya plastiki inayoshika kava, haujagusa chuma hata kidogo. Wangu ulikuwa hivyo hivyo. Niliuhamishia kwenye bolti ya bodi, nikakwangua rangi, na alamu ikaacha kupiga kelele saa tisa usiku.

Nyuma kushoto nako kumeanza tk ya uvivu. Kimota nimeshanunua kipo kwenye droo, nasubiri Jumapili isiyo na mvua.